Kabla Jagari Hajapanda Jukwaani

Binamu yangu amekata tiketi ya shoo. Yuko Ujerumani mwaka wa tatu sasa, anafanya kazi ya kutunza wazee, na kwenye kituo cha treni karibu na anapoishi kumebandikwa bango lenye herufi tano kubwa, WITCH, na chini yake neno Zambia. Alipiga picha akanitumia saa tano usiku. "Msee, hawa ni wachawi ama ni wanamuziki?" Nikamwambia asiulize maswali mengi, anunue tu. Akanunua. Kesho yake, baada ya kugundua kwamba mwimbaji mwenyewe ameshapita miaka sabini, alinipigia akidai nimemchezea akili. "Wiki nzima naogesha wazee," akasema, "halafu Jumamosi nilipe nikaangalie mwingine akirukaruka?"

Nilianza kumweleza kwa simu, bando ikaisha. Kwa hivyo nimeandika. Haya ndiyo mambo nataka ayajue kabla taa za ukumbi hazijazimwa. Na kama wewe pia hujawahi kusikia neno Zamrock, vuta kiti.

Mzee mwenyewe anaitwa Emmanuel Chanda. Alizaliwa mwaka 1951 kule Kasama, kaskazini mwa Zambia, na muziki akaufanyia Kitwe, mji wa migodi. Jina la jukwaani ni Jagari. Limetoka kwa Mick Jagger wa Rolling Stones: watu walimfananisha naye kwa vile alivyokuwa akihangaika jukwaani, na Chanda akalichukua jina, akalitia irabu za kwetu, likawa lake. (Hapa Kenya neno hilo linatukumbusha sukari nguru, na sukari nguru inatukumbusha biashara za kando ya mto ambazo chifu hataki kuzisikia. Hakuna uhusiano wowote. Nimefurahi tu.) WITCH nayo ni kifupi cha We Intend To Cause Havoc, yaani tumekusudia kuzua vurugu. Kikosi kile kilichojulikana kilikuwa na Chris Mbewe kwa gita la solo, John Muma kwa rithimu, Gedeon Mwamulenga kwa besi, Paul Mumba kwa kinanda na Boidi Sinkala kwa drams. Shika majina hayo matano. Nitayarudia.

Sasa, muziki wenyewe ni wa aina gani? Watu wa roki wanapenda kugawana vyumba, na kuna chumba kimoja kinaitwa roki ya progresivu. Kilijengwa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960 na akina King Crimson, Yes na Genesis. Ni muziki wa ngoma moja kujaza upande mzima wa santuri, mdundo kubadilika kila ukidhani umeuzoea, na vinanda vingi kiasi cha kuhitaji lori. Baadhi ya vijana wale walikuwa wamepitia shule nzuri, na inasikika. WITCH hawakuwa na lori la vinanda. Nyimbo zao nyingi ni za dakika tatu, nne, tano. Ndiyo maana wakereketwa wengine huwaweka kwenye saikedeliki, wengine kwenye roki ya gereji, na wachache hukubali kuwafungulia mlango wa progresivu.

Mimi ningewafungulia. Sikiliza *Lazy Bones!!* ya 1975 kwa spika nzuri, si kwa simu ikiwa ndani ya gilasi. Gita linapitishwa kwenye kile kisanduku cha mguuni mpaka linakwaruza kama bati linaloburutwa kwenye kokoto, halafu katikati ya wimbo mambo yanageuka, mdundo unaenda njia nyingine, kinanda kinaingia taratibu kama mgeni asiyejua kama amealikwa. Walisikiliza Deep Purple, Grand Funk Railroad na James Brown, na walisikiliza ngoma za nyumbani. Walikataa kurudi nyumbani kwa njia ile waliyotokea, na kwangu hiyo ndiyo maana ya neno progresivu. Dakika ngapi, hiyo ni hesabu ya karani.

Lakini binamu, ukitaka kumwelewa mzee huyu usianze na gita. Anza na shaba.

Kitwe, Ndola, Mufulira, Chingola, Luanshya: hiyo ni miji iliyoota juu ya shaba. Ukivuka mpaka kidogo uko Lubumbashi, Kongo, ambako watu wanachimba mwamba uleule huku wakiongea Kiswahili. Kampuni za migodi za enzi za ukoloni zilihitaji wafanyakazi wasiotoroka, kwa hivyo zikajenga nyumba, hospitali, viwanja vya mpira, na kumbi za starehe zenye jukwaa. Sijasema walifanya hivyo kwa upendo. Nasema tu kwamba mji wa mgodi ulikuwa na vitu viwili ambavyo muziki haupiti bila hivyo: ukumbi wenye umeme, na umati wa watu waliolipwa Ijumaa.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, na katika miaka ile bei ya shaba ilikuwa juu. Zaidi ya asilimia 90 ya fedha za kigeni za nchi zilitokana na jiwe hilo. Mwaka 1969 Rais Kenneth Kaunda alitangaza kwamba serikali itachukua asilimia 51 ya migodi. Pesa ikawa karibu. Fikiria wewe ni kijana wa sekondari Kitwe mwaka 1970: kaka yako mkubwa ana kazi mgodini, duka la mjini lina gita la umeme dirishani, na kaka anaweza kulinunua bila kuuza ng'ombe. Ni mara ngapi hesabu hiyo imekubali katika bara hili?

Kulikuwa pia na redio. Tangu miaka ya 1940 kituo cha Lusaka kilitangaza kwa lugha za Waafrika, na mwaka 1949 ikaingia sokoni redio ya betri ya bei nafuu iliyoitwa Saucepan Special, kwa sababu ilifanana na sufuria. Ndiyo, sufuria. Watoto waliozaliwa baada ya hapo, Jagari akiwa mmoja wao, walilelewa na sufuria inayoimba. Walipokua, Kaunda akatoa agizo lake maarufu: asilimia 95 ya muziki wa redioni uwe wa Zambia.

Kaunda mwenyewe alikuwa mwalimu na mpiga gita, na alipenda kuimba kwenye mikutano. Labda alipotoa agizo alikuwa akiwaza ngoma za kijijini na nyimbo za kujenga taifa. Vijana wakamtii kabisa. Wakampa ngoma za nyumbani, ila zilizopigwa na stima. Redio ilikuwa na saa nyingi za kujaza na wenye bendi walikuwa tayari. Ndivyo walivyopata nafasi WITCH, Amanaz, Ngozi Family, Musi-O-Tunya na wengine. Jina Zamrock lenyewe hutajwa kuwa la mtangazaji Manasseh Phiri. Mkumbuke huyo pia.

Hapa Kenya kila baada ya miaka michache mjadala wa "chezeni muziki wetu" hufufuka, watu hutaja asilimia, wabunge huongea, halafu tunarudi kulala. Ningependa waangalie Zambia vizuri kabla ya kuitaja kama mfano. Agizo lilifanya kazi kwa sababu bendi zilikuwepo tayari, kumbi zilikuwepo, na Jumamosi kulikuwa na mtu mwenye mshahara mfukoni. Asilimia bila mshahara ni karatasi.

Basi wakapiga. Shoo za WITCH zilikuwa za kuanzia jioni hadi saa nane usiku. Jagari alijulikana kwa kuruka kutoka roshani za kumbi na kutua katikati ya mambo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 walitoa *Introduction*, ambayo hutajwa kama albamu ya kwanza ya kibiashara kutoka Zambia. Waliigharamia wenyewe, nakala mia chache tu, na kuuza kwenye shoo zao. Mtu aliyenunua hakujua kwamba amebeba nyumbani kitu ambacho siku moja kingeshindana bei na pikipiki.

Hapo ndipo Nairobi inapoingia, na hii ndiyo sehemu iliyonifanya niandike. Katika miaka ile ya mwanzo Zambia haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, kwa hivyo santuri zao zilikuwa zikichapwa hapa. Zaidi ya hapo, Musi-O-Tunya, bendi ya Rikki Ililonga ambayo wengi huihesabu kuwa ya kwanza kabisa ya Zamrock, ilihamia Kenya, ikapiga kwenye kumbi za huku, na albamu yao *Wings of Africa* ya 1975 ilirekodiwa Nairobi. Jina la bendi ni lile la maporomoko ya Zambezi, moshi unaonguruma. Kwa hivyo tukisema huu ni muziki wa watu wa mbali tunajidanganya. Ulipita hapa. Ulilala hapa. Mtu fulani aliubebea vyombo, mwingine akaupikia chai.

Na Guka wetu, binamu, aliukuta kwao.

Unajua Guka alikuwa dereva wa lori. Kitu ambacho hujui, kwa sababu ulikuwa ukikimbia kila akianza hadithi, ni kwamba aliendesha kwenye barabara ya Zambia. Mwaka 1965 wazungu wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wenyewe, na njia ya kusini ambayo Zambia ilitegemea kwa kila kitu ikawa njia ya adui. Januari 1973 mpaka ukafungwa kabisa. Mafuta, saruji, vipuri, vyote vikalazimika kupitia kaskazini, kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma, na shaba ikarudi kwa njia ileile. Kabla haijatiwa lami, barabara hiyo ilibatizwa Hell Run, mbio za jehanamu, kwa jinsi ilivyokuwa ikila malori na watu. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa msaada wa China, ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976. Kabla ya hapo kazi ilikuwa ya akina Guka.

Nilienda kumwona Thika wiki mbili zilizopita. Nikamwekea WITCH kwenye simu. Alisikiliza huku ameinamisha kichwa, akaniuliza kama naweza kupunguza. Halafu akasema, "Huko Ndola niliingia ukumbini siku moja. Vijana wamevaa suruali pana hivi, nywele hivi. Nilikaa nyimbo mbili nikatoka. Masikio." Nikamuuliza ilikuwa bendi gani. "Kijana wangu, mimi nilikuwa nimeendesha siku tano. Nilikuwa natafuta nyama." Lakini alirudi na santuri saba. Alizinunua kwa sababu kila dereva alinunua. Ilikuwa ndiyo zawadi ya kuonyesha umefika.

Ziko wapi? Umeziona. Zile bakuli nyeusi za maua za sebuleni, zenye kingo kama sketi ya mtoto, na tundu katikati linalovujisha maji kwenye kitambaa. Shangazi alifundishwa na jirani, miaka ya themanini hivi, kwamba santuri ukiichovya kwenye maji ya moto inalainika na unaweza kuikunja utakavyo. Akakunja zote saba. Karatasi za katikati zimeliwa na unyevu, hakuna herufi inayosomeka. Nilikaa nikiangalia bakuli moja yenye mmea wa plastiki na nikahisi kitu kama kizunguzungu. Shangazi akaniuliza kama nataka moja niende nayo.

Sikumlaumu. Kufikia miaka ile hata kule Kitwe mambo yalikuwa yameisha, na yaliisha kwa mpangilio uleule yalivyoanza. Bei ya shaba ilianguka kati ya 1974 na 1975. Nchi iliyotegemea jiwe moja ikakosa dola. Ukikosa dola huagizi gita, huagizi spika, hata plastiki ya santuri inakuwa shida. Vita navyo vikasogea. Kaunda alikuwa amewapa hifadhi wapigania uhuru wa Zimbabwe, Namibia na Afrika Kusini, na Rhodesia ikaja kuwafuata humo humo ndani. Oktoba 1978 ndege zao zilishambulia kambi ndani ya Zambia. Katika uvamizi wa mwezi huo aliuawa Alick Nkhata, mwanamuziki na mtangazaji wa ile redio ya Lusaka, mtu ambaye sauti yake ilikuwa ndani ya zile sufuria. Usiku ukawa wa giza la kuamriwa na amri za kutotoka nje. Bendi zilizozoea kupiga hadi saa nane za usiku zikajikuta zinapiga alasiri, jua likiwaka. Nimejaribu kuwaza roki ya alasiri, watu wamekaa na jasho na soda, na kwa kweli nimeshindwa.

Halafu zikaja kaseti, ambazo kila mtu angeweza kunakili chumbani kwake. Halafu disko. Rumba ya Kongo nayo haikuwa imeondoka kamwe. WITCH wenyewe wakageukia disko miaka ya 1980 na kijana wa kinanda aitwaye Patrick Mwondela, na albamu ya *Kuomboka*, iliyopewa jina la ile sherehe ya Walozi ya kuhama mafuriko, ikatoka 1984. Jagari hakuwepo. Alikuwa ameacha bendi mwaka 1977 akaenda kufundisha muziki.

Hapa nilisimama kidogo niliposoma mara ya kwanza. Mimi niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, nikiwa na deni la ada na hakika ya kijinga kwamba kuandika kutanilisha. Yeye alikuwa sura ya bendi kubwa kuliko zote nchini na akaona afadhali chaki. Mama yangu angempenda sana. Baadaye aliokoka, na kwa miaka mingi alichimba vito ardhini, akitarajia jiwe moja la kumtoa. Waliomwona akiwa kwenye shimo na koleo hawakuwa na sababu ya kudhani huyu aliwahi kuruka kutoka roshani watu wakimpokea.

Sasa yale majina matano. Mbewe, Muma, Mwamulenga, Mumba, Sinkala. Wote wamekufa. Katika kikosi kile amebaki Jagari peke yake. Na ukisoma habari za bendi nyingine za Zamrock unakutana na jambo hilo hilo tena na tena: fulani alifariki, fulani alifariki, miaka ya themanini, miaka ya tisini. Jagari amesema wazi kwamba wengi wa wenzake walichukuliwa na UKIMWI. Miji ya migodi, yenye mishahara, barabara za malori na wanaume wanaolala mbali na nyumbani, ilikuwa kama imetengenezwa kwa ajili ya ugonjwa ule. Ndiyo, binamu, barabara ya Guka pia. Mwaka 1986 Kaunda alimzika mwanawe Masuzyo, na mwaka uliofuata rais huyo akasimama mbele ya dunia akasema kijana ameuawa na UKIMWI. Viongozi wengi wa wakati huo walikuwa bado wananong'ona. Na Manasseh Phiri, yule mtangazaji aliyeupa muziki jina? Alikuwa daktari, na miaka yake ya baadaye aliitumia kupambana na ugonjwa huohuo, akiwaambia Wazambia mambo ambayo hawakutaka kuyasikia.

Kwa hivyo watu wakisema Zamrock "ilisahaulika" mimi huchukia kidogo neno hilo. Kusahau kunahitaji mtu aliye hai, ambaye angeweza kukumbuka na hakukumbuka. Hapa wapiga muziki walikufa wakiwa na miaka thelathini, arobaini, na mashabiki wao pia, na wapwa waliobaki wakazika watu halafu wakatafuta mahali pa kuweka maboksi. Mahali popote. Wengine wakakunja bakuli.

Waliokuja kuyafungua maboksi walitoka nje. Wakusanyaji wa santuri wa Ulaya na Marekani walianza kulipa mamia ya dola, kisha zaidi ya elfu, kwa nakala moja halisi. Mwaka 2012 kampuni ya Now-Again ya Los Angeles ilikusanya kazi zote za WITCH za enzi ya Jagari ndani ya boksi moja na kulipeleka duniani. Ikafuata filamu ya maisha yake mwaka 2019. Na kama unapenda Tyler, the Creator, tayari unaijua Zamrock bila kujijua: wimbo wake "Noid" wa 2024 umejengwa juu ya kipande cha Ngozi Family. Paul Ngozi, mwenye bendi hiyo, alifariki mwaka 1989. Hakuwahi kujua.

Kuna wenzangu ambao wakifika hapa huanza hotuba ya wazungu wametuibia tena. Naielewa hasira hiyo, na kuna mahali inastahili. Lakini nimekaa Kenyatta Market, kwenye kile kibanda cha santuri kati ya nyama choma na wasusi, na nimeona wanaokuja kuuza za baba zao. Ni sisi. Tunataka mia mbili ya nauli. Aliyekuja na pesa na subira aliokoa kitu, hata kama alikiokoa kwa ajili ya kukiuza. Swali langu ni dogo na baya zaidi: kwa nini ili nisikie bendi ambayo santuri zake zilichapwa mjini kwangu ilibidi nipitie Los Angeles?

Sasa turudi kwenye shoo yako. Watakuambia hiyo si WITCH halisi. Ni kweli kwamba bendi iliyozaliwa upya miaka ya 2010 ina Waholanzi ndani yake, akiwemo Jacco Gardner kwenye besi. Lakini kinanda ni Patrick Mwondela, yule kijana wa disko, naye sasa ni mzee, na wapo waimbaji vijana kutoka Zambia. Mwaka 2023 walitoa *Zango*, albamu ya kwanza karibu miaka arobaini, iliyorekodiwa Lusaka, na ndani yake yumo Sampa the Great, rapa mzaliwa wa Zambia ambaye angeweza kuwa mjukuu wao. Mwaka 2025 wakatoa *Sogolo*. Kwa Kinyanja maana yake ni mambo ya mbele, ya kesho. Mzee wa miaka sabini na ushee anaipa albamu jina hilo. Mtu wa kukaa nyumbani na kuhesabu mapigo ya moyo hafanyi hivyo.

Bendi za Kiingereza za umri wake pia zinazunguka. Wengi hupanda jukwaani kurudia kilichowapa nyumba za mashambani, na mashabiki wao hupiga makofi kwa heshima. Hilo halina ubaya. Jagari lakini hana cha kurudia kwa namna hiyo. Miaka arobaini katikati haipo. Hakuna mikanda mingi ya shoo za zamani za kulinganisha, hakuna wenzake wa kumsahihisha akikosea maneno. Kila anachoimba kutoka 1975 kinatoka kwenye koo moja lililobaki kati ya sita. Akipoteza sauti, basi.

Ndiyo maana nilikwambia ununue. Unajua kazi yako kuliko mimi: unajua vile mzee anavyoshika kitu anapoinuka, unajua tofauti ya anayechoka na anayeigiza. Mwangalie kwa jicho hilo. Simama mbele, upande wa kinanda. Usirekodi shoo yote kwa simu, utakuwa na mkono unaouma na video ambayo hakuna mtu atatazama. Rekodi moja tu, tena ya *Lazy Bones!!* kama watapiga kitu kutoka humo.

Ama bora zaidi, piga simu ya video. Wakianza saa tatu za usiku huko itakuwa saa nne ama saa tano hapa. Nitakuwa Thika usiku huo. Nimeshaongea na shangazi, na kasema wifi iko sawa ila nisikae kwenye kiti cha Guka. Yeye hulala mara tu habari zikiisha, kofia ikiwa kichwani. Nilipomwambia kuna uwezekano wa kumwona mmoja wa wale vijana wa suruali pana, akanyamaza sana, nikadhani amesinzia. Kisha akauliza kama bado wanapiga kwa kelele vile. Nikamwambia ndiyo.

"Basi mniamshe," akasema. "Lakini mpunguze."